Sakafu Nyekundu ya Mama Mkwe

Unataka kubadili rangi ya sakafu ya saruji nyumbani kwako? Kabla hujafungua kopo la rangi, soma kwanza yaliyotukuta sisi Songea.

Mpenzi msomaji, kuna ugomvi wa ndoa unaoanzia kwenye simu, kuna unaoanzia kwenye hela, na kuna unaoanzia kwenye ndugu. Wa kwangu ulianzia kwenye sakafu. Usicheke! Ulianza na sakafu, ukapita kwenye hela, ukaishia kwa ndugu. Kama na wewe umewahi kukaa kwenye nyumba ya ukweni, naamini umeshaanza kunielewa.

Mwaka 2022 mume wangu alihamishiwa kikazi Songea, mji aliozaliwa. Kazi yangu ya uhariri naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti, kwa hiyo tukafunga virago Dar es Salaam, tukapanda basi alfajiri, na usiku tukashuka Songea tukiwa tumechoka hoi, na mtoto wa miezi minane mgongoni. Mama mkwe alikuwa akiishi peke yake tangu baba mkwe atutoke. Akatupokea kwenye nyumba ya familia, kule Mjimwema. Nyumba ya matofali ya kuchoma, madirisha ya mbao, mparachichi uani, na sakafu nyekundu kuanzia barazani mpaka jikoni.

Kama umekulia kwenye nyumba ya mwalimu, ya mtumishi wa serikali au ya misheni, sakafu hiyo unaijua vizuri. Ni ile inayong'aa kama kioo, inayopakwa polishi nyekundu kila Jumamosi, halafu watoto mnafukuzwa nje mpaka ikauke. Baba mkwe alikuwa mwalimu. Nyumba aliijenga mwaka 1979 na sakafu ilipigwa mwaka huo huo. Mama ameisugua tangu siku hiyo.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kutambaa. Magoti mekundu, viganja vyekundu, nepi nyekundu. Soksi nyeupe za mume wangu zikawa rangi ya matofali. Mama akasema, "Hiyo ni polishi tu mwanangu, ikifuliwa inatoka." Haikutoka.

Usiku nikawa napekua picha kwenye simu. Sakafu za kijivu, za kahawia laini, za rangi ya mchanga. Nikamwonyesha mwenzangu: "Baba, tubadilishe rangi ya sakafu?"

Akajibu, "Sawa tu."

Dada yangu unayesoma hapa, mwanaume akikujibu "sawa tu" kuhusu nyumba ya mama yake, simama hapo hapo. Hiyo siyo ndiyo. Mimi sikusimama.

Kosa la kwanza: kopo la kijivu

Ilikuwa Julai, kiangazi, baridi ya Songea ile ya kuvalia sweta mpaka saa nne asubuhi. Nikanunua rangi ya mafuta ya kijivu, nikamwita kijana mmoja mchapakazi. Tukafagia, tukapiga deki, tukapaka mikono miwili. Jioni sebule ilikuwa kama ile ya kwenye simu. Nikapiga picha, nikatuma kwa mashoga zangu wa Dar, wakashangilia.

Mama aliingia, akaangalia, akasema, "Imekuwa nzuri." Kisha akaenda kukaa uani.

Agosti, Septemba, Oktoba, mambo yakaenda vizuri. Mwishoni mwa Novemba mvua zikaanza, na wanaoijua Songea wanajua kwamba mvua zikishaanza ni mpaka Aprili. Kabla ya Krismasi rangi ikaanza kutoa malengelenge karibu na ukuta. Miguu ya viti ikabandua vipande vizima. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anasimama, akagundua mchezo mtamu wa kubandua rangi kwa kucha na kuiweka mdomoni.

Siku moja niliokota kipande kikubwa kama kiganja, nikakigeuza. Juu kijivu, chini chekundu na kina utelezi. Ndipo nikaelewa. Rangi yangu haikuwahi kuishika saruji hata siku moja. Ilikuwa imelalia nta ya polishi ya miaka zaidi ya arobaini.

Kosa la pili: siku tuliyokimbilia uani

Hapa naomba usome taratibu, maana hili lingeweza kutuua.

Jumamosi moja mama alikuwa amekwenda msibani Peramiho. Nikaamua: kama kijivu kimegoma, basi nitaitoa hiyo nyekundu yenyewe. Nikabandua rangi kwenye kona ya sebule, nikamwaga jiki, nikaanza kusugua. Nyekundu ikabaki vile vile, imenitolea macho. Mume wangu akaona nahangaika. Kwa nia njema kabisa akaleta dawa ya kuondoa uchafu chooni, ile kali yenye asidi, akaimimina pale pale palipokuwa na jiki.

Harufu ilikuja mara moja. Koo likabana, macho yakawaka moto. Nakumbuka nilimwona akimnyakua mtoto kama mzigo na kupiga mlango teke. Tukajikuta chini ya mparachichi, wote watatu tunakohoa na kutoa machozi.

Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile iliyotumika kuua askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Sisi tuliitengeneza sebuleni, madirisha yamefungwa, mtoto akiwa hatua tatu kutoka hapo. Tulimpeleka hospitali, akaangaliwa, akaonekana mzima. Mpaka leo jiki na dawa ya choo vinakaa kwenye makabati tofauti kwangu, na vyote juu kabisa.

Tuliporudi tukagombana. Ule ugomvi wa sauti ya chini, ambao ni mbaya kuliko wa kelele. Nikamwambia, "Ungeniuliza kwanza nimemwaga nini." Akaniambia, "Na wewe ungeniuliza kama nataka hii sakafu ibadilishwe."

"Nilikuuliza. Ulisema sawa tu."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba baba yake alikuwa akirudi kutoka shule anavua viatu mlangoni, anatembea na soksi mpaka jikoni kumsalimia mama, ili asichafue. Kila siku. Na kwamba nilipopaka kijivu aliona kama tumemfuta baba. Lakini aliniona nimefurahi, hakutaka kuniharibia.

Miezi sita nilikuwa natembea juu ya jambo ambalo mume wangu alishindwa kulisema. Nina digrii ya mawasiliano, jamani!

Mzee na kijiko cha maji

Mama aliporudi tulimweleza kila kitu. Nilitegemea aseme. Hakusema. Alimwangalia mjukuu wake kichwa mpaka miguu, kisha akapiga simu. Kesho yake akaja fundi mzee, kofia ya sufi kichwani, mfuko wa zana begani. Alijifunza uashi ujanani kwenye karakana za misheni ya Peramiho, na ndiye aliyekuwa saidia fundi sakafu hii ilipopigwa.

Nilianza kumweleza kuhusu picha za kwenye simu. Yeye akaomba kijiko cha maji na limao.

Akamwaga maji kidogo sakafuni. Yakasimama kama umande kwenye jani la mgomba. "Umeona? Hayanywi. Hapa kuna nta. Chochote utakachoweka juu yake kitabanduka." Akakwangua mahali padogo nyuma ya mlango mpaka pakawa pakavu na pagumu, akadondoshea limao. Povu dogo likachemka. "Hapa sasa umefika kwenye saruji yenyewe."

Kisha akachukua tindo, akachonga kidogo kwenye ile kona, akaniita niangalie. Nyekundu ilikuwa imeshuka ndani karibu unene wa sarafu mbili, ndipo kijivu cha jamvi kikaanza.

"Mwanangu," akaniambia, "hii rangi haipo juu ya sakafu. Sakafu yenyewe ndiyo rangi. Huwezi kuifua."

Kwa nini nyekundu haitoki?

Niliporudi kwenye kompyuta yangu nilisoma kama ninayejiandaa na mtihani. Kumbe mzee alikuwa sahihi, na sababu yake inapendeza.

Ile rangi ya unga waliyochanganya mafundi wa zamani ni oksidi ya chuma. Kwa Kiswahili cha nyumbani, ni kutu. Ndiyo hiyo hiyo inayoufanya udongo wetu wa Songea uwe mwekundu na kukaa kwenye viatu. Fundi alikuwa anapiga sakafu ya kawaida, kisha kabla haijakauka anaweka tabaka la mwisho la saruji iliyochanganywa na unga huo, anapiga niru kwa mwiko wa chuma mpaka inateleza. Jua halipaushi kutu, kwa sababu ni chuma ambacho kimeshamaliza kuharibika. Jiki haiigusi. Asidi kali itakula saruji kabla haijaimaliza rangi, na asidi ya betri, ambayo wapo wanaoijaribu, itakuachia sakafu inayomomonyoka na ngozi iliyoungua.

Na hatukuwa peke yetu na sakafu hizi. Kerala, kusini mwa India, nyumba za zamani zina sakafu nyekundu kama za kwetu, na siku hizi vijana wa huko wanazirudisha kwa fahari. Huku kwetu saruji ilipoanza kuzalishwa Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966, kupiga sakafu ya saruji kukawa ndoto inayofikika kwa familia nyingi. Marumaru hayakuwepo madukani kama leo. Mwenye nyumba aliyetaka nyumba yake ionekane ya mtu aliyefika, alinunua unga mwekundu. Leo Songea saruji inatuletea mpaka kiwanda cha Mtwara kilichofunguliwa mwaka 2015, na kila duka la vifaa lina marumaru. Tumesahau kwamba ile nyekundu ilikuwa ndiyo usasa wa wazazi wetu, kama kijivu kilivyo usasa wetu.

Njia ulizonazo, bila kudanganyana

Tuliketi wanne: mimi, mume wangu, mama na mzee. Kikao cha kweli, chai na mihogo mezani. Mzee akatupangia njia, nami nakupangia wewe.

Kwanza, kuipeleka kwenye giza. Sakafu ambayo rangi imeshaingia ndani unaweza kuifanya iwe nyeusi zaidi ya ilivyo, huwezi kuifanya iwe nyeupe zaidi. Rangi za kupenya hazifuniki kama rangi ya mafuta. Zinapita kama chai kwenye kitambaa, na ile ya chini inaonekana. Juu ya nyekundu ukiweka kahawia au nyeusi utapata rangi ya kahawa. Ukiweka kijani, nayo itakupa kahawia. Ukiweka rangi ya mchanga, utakuwa umetupa hela.

Rangi hizi ziko za aina kuu mbili. Kuna za asidi, ambazo zina chumvi za madini kama chuma, shaba au manganizi. Zinashikana na chokaa iliyomo ndani ya saruji na kutoa kahawia, rangi ya udongo au kijani cha bluu, zenye mawingu mawingu kama ngozi. Hizi zinapenda saruji changa. Sakafu ya miaka mingi chokaa yake ya juu imeshachoka, inaweza kukupa mabaka. Na kuna za maji, zinazoingia kwenye vitundu vya saruji bila kusubiri chokaa. Hizi ndizo rahisi zaidi kwa sakafu kuukuu.

Pili, kufunika kwa saruji mpya. Hapa sakafu ya zamani inadonolewa ili iwe na makwaruzo, inafagiliwa vumbi lote, inaloweshwa, inapakwa gundi ya saruji, ndipo linapigwa tabaka jipya na niru. Unapata rangi yoyote unayotaka, kuanzia kijivu cha asili. Ukitaka kuchanganya rangi ya unga, usizidishe asilimia 10 ya uzito wa saruji, yaani kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50. Wengi wanatosheka na nusu ya hapo. Ukizidisha, sakafu inapoteza nguvu. Maji nayo yawe ya kipimo kimoja kila mchanganyo, kwa sababu maji mengi yanapausha rangi.

Tatu, kusaga kwa mashine. Kama tabaka la rangi ni jembamba litaondoka, na chini utaona mchanga na kokoto. Wengine wanapenda huo muonekano. Lakini vumbi la saruji linaharibu mapafu, kwa hiyo isagwe ikiwa imelowa, fundi avae barakoa nzuri, na watoto wahame siku hizo.

Nne, rangi ya juu au marumaru. Rangi ya juu inataka nta yote iondoke na sakafu isiwe na unyevu. Jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni angavu, upana wa nusu mita kila upande, kiziba kwa gundi ya karatasi pande zote, kiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta jasho chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini. Tulijaribu sebuleni: jasho! Nyumba nyingi za zamani hazikutandikwa nailoni chini ya jamvi. Ndiyo maana kijivu changu kilisubiri masika kikaniaibisha.

Tulivyoamua

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja: "Na chumbani kwangu?"

Mume wangu akanitazama. Safari hii sikusubiri "sawa tu". Nikasema, "Chumbani kwako Mama tusipaguse, labda wewe mwenyewe utake." Akasema hataki. Basi.

Chumba cha mtoto tukakubaliana kifunikwe kwa saruji mpya, niru ya kijivu. Mzee alikimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku 7 na akatukataza kuingiza kitanda. Barazani paachwe nyekundu. Sebule na korido, ndipo palipokuwa na kesi, ziende kwenye giza.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutoa nta. Tuliifanya wenyewe, mimi na mume wangu, jioni tano mfululizo baada ya kazi. Tapentaini, vitambaa, kikwangulio, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ngumu, kusuuza, na kurudia. Madirisha wazi, jiko la mkaa limezimwa na kutolewa nje, mtoto kwa bibi yake. Mafuta ya taa mzee alitukataza, kwa sababu yanaacha mafuta yake mwenyewe kwenye saruji. Vitambaa vilitoka vyekundu, kisha vya waridi, kisha vya kawaida. Siku ya tano nilimwaga kijiko cha maji, yakanywewa. Tulishangilia kama timu imefunga bao.

Nakwambia ukweli, katika jioni zile tano, tukiwa tumepiga magoti tunasugua, tuliongea kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kuhusu baba yake. Kuhusu mimi kujiona mgeni kwenye nyumba ambayo hata kijiko nakikuta kina mahali pake. Yeye hakuwa anajua. Ilinibidi nimwambie.

Rangi tuliagiza Dar, ikaja kwa basi. Mzee akatulazimisha kujaribu aina mbili nyuma ya kabati kabla ya kupaka popote. Ya asidi ikatoka hafifu na mabaka, kama alivyosema. Ya maji, kahawia iliyokolea, ikatulia. Akailowesha sehemu ile kwa kitambaa akasema, "Angalia ikiwa imelowa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa ukimaliza kuing'arisha." Ilikuwa rangi ya buni za Mbinga zikishakaangwa vizuri. Mama akainama, akaigusa, akasema, "Hii nitaizoea."

Tulipaka mkono mmoja, tukasubiri, tukapaka wa pili. Ilipokauka tukaona kitu ambacho hatukukipanga. Kutoka mlango wa mbele, kupita sebuleni, kuingia kwenye korido mpaka jikoni, kulikuwa na njia iliyokolea zaidi, upana wa mtu mmoja. Nilipaniki. Nikadhani nimeharibu tena.

Mzee akaeleza: pale watu walipopita miaka yote saruji imelika kidogo, vitundu vimefunguka, kwa hiyo imekunywa rangi zaidi. "Naweza kusawazisha," akasema. "Napaka mkono mmoja zaidi kwingine kote."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kandambili, akatembea juu ya ile njia taratibu mpaka jikoni, akarudi. Akasema, "Iacheni. Huyu ni baba yenu anakuja kunisalimia."

Mume wangu akatoka nje. Nilimfuata baada ya muda kidogo.

Leo

Sakafu haina malengelenge, na imeshapita masika zaidi ya moja. Rangi ya kupenya haina ngozi ya kubanduka, na juu yake tulipaka polishi isiyo na rangi, ili unyevu upate pa kupumulia. Mama bado anaisugua kila Jumamosi, akisema sisi hatujui kusugua. Magoti ya mtoto ni masafi. Wageni wengine wanauliza mbona hapa katikati pamekolea. Tunawaambia ni njia.

Kabla hujafungua kopo

• Mwaga kijiko cha maji. Yakisimama, kuna nta au vanishi. Itoe yote kwanza.
• Chonga kona iliyofichika uone rangi imeshuka kiasi gani.
• Fanya jaribio la nailoni, hasa kama nyumba ni ya zamani au mvua zimekaribia.
• Jaribu rangi mahali pa siri, iache ikauke, kisha iloweshe uone sura yake ya mwisho.
• Ukitumia rangi ya asidi: glovu, miwani, buti, madirisha wazi, vyombo vya plastiki wala si vya chuma. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kuua makali, kisha maji safi mpaka yatoke meupe.
• Saruji mpya isubiri siku 28 kabla ya kupakwa rangi yoyote.
• Usichanganye jiki na asidi. Kamwe! Wala leo kwa hiki na kesho kwa kile bila kusuuza vizuri.
• Na kama nyumba si yako peke yako, uliza. Ukijibiwa "sawa tu", kaa chini, mimina chai, uliza tena.